Utafiti wa majaribio: namna ya kupima bila kujidanganya

Kila wiki vyombo vya habari hutangaza kuwa utafiti umeonyesha jambo fulani: kwamba chakula hiki huzuia maradhi, kwamba dawa ile haina faida, kwamba mtindo huu wa kufundisha huwafaulisha wanafunzi. Msikilizaji, awe Mombasa, Bujumbura, Muscat au London, hubaki na swali moja: wamejuaje?

Kati ya Januari 2009 na Januari 2011, hospitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda zilishiriki katika utafiti unaolijibu vyema swali hilo. Utafiti huo ulihusu jambo ambalo wengi walidhani limekwisha kujulikana: kumpa mtoto mahututi maji mengi ya dripu kwa haraka. Matokeo yake yaliwashangaza hata walioufanya.

Makala haya yanautumia utafiti huo kueleza misingi ya majaribio ya kitaalamu: vigeu ni nini, kwa nini huwepo kundi la ulinganisho, kwa nini hupigwa kura, na kwa nini idadi ya wanaochunguzwa ina uzito mkubwa.

Swali kabla ya jaribio

Utafiti wa kiidadi, yaani ule unaotegemea hesabu na vipimo, huanza na swali linaloweza kujibiwa kwa namba. Kuuliza "je, dripu ni nzuri?" hakutoshi, kwa sababu neno "nzuri" kila mtu analipima kwa mizani yake.

Madaktari walikuwa na tatizo lililo wazi. Mtoto hufikishwa hospitali akiwa na homa kali, anapumua kwa shida au fahamu zimepungua, mikono na miguu imepoa na mapigo ya moyo yako mbio. Dalili hizi huonyesha kwamba damu haifiki ipasavyo kwenye viungo vya mwili, hali ambayo madaktari huiita mshtuko.

Katika hospitali za nchi tajiri, desturi ya miaka mingi ilikuwa kumwekea mtoto kama huyo dripu ya maji mengi kwa muda mfupi. Miongozo ya kimataifa nayo ilielekeza hivyo. Hoja yake ilieleweka kwa urahisi: mzunguko wa damu umedhoofika, basi ujazwe maji upate nguvu.

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki huduma hiyo haikuwa ya kawaida. Watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, pwani ya Kenya, waliamua kuipima. Utafiti ukapewa jina la FEAST. Hospitali zilizoshiriki zilikuwa Kilifi nchini Kenya, Teule iliyoko Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda.

Matarajio yalikuwa kwamba maji ya haraka yangeokoa maisha. Matarajio ya namna hii, yanapotamkwa kabla ya jaribio na kwa namna inayoweza kukanushwa, huitwa nadharia tete. Sharti la kukanushika ndilo lenye thamani, kwa kuwa dai ambalo hakuna matokeo yoyote yanayoweza kulipinga haliwezi kupimwa.

Kigeu ni kitu gani?

Kigeu ni jambo lolote ambalo laweza kuwa tofauti kutoka mtu hadi mtu, au kutoka wakati hadi wakati. Umri ni kigeu. Uzito ni kigeu. Kuwa na malaria au kutokuwa nayo ni kigeu pia. Vingine hupimwa kwa namba zinazopanda na kushuka, kama kilo na miaka. Vingine ni vya kugawa tu, kama msichana na mvulana.

Katika jaribio, vigeu hupewa kazi mbalimbali.

Cha kwanza ni kigeu huru. Hiki ndicho mtafiti anachokibadilisha kwa makusudi. Katika utafiti wa FEAST, kigeu huru kilikuwa namna ya kutoa maji, nacho kilikuwa na sura tatu. Kundi moja la watoto lilipewa haraka maji ya chumvi ya hospitali. Kundi la pili lilipewa haraka maji yenye albumini, ambayo ni protini ya damu. Kundi la tatu halikupewa maji ya haraka. Lilipata tu maji ya kawaida ya taratibu ambayo watoto wote waliyapata.

Cha pili ni kigeu tegemezi, yaani kile kinachotazamwa ili kuona kama kimebadilika kwa sababu ya kile cha kwanza. Hapa watafiti walichagua jambo lisilo na utata: je, baada ya saa 48 mtoto yuko hai au amefariki?

Vya tatu ni vigeu vinavyodhibitiwa, yaani mambo yanayofanywa kuwa sawa kwa wote. Watoto wa makundi yote matatu walipata matibabu mengine kwa utaratibu mmoja: dawa za kuua bakteria, dawa za malaria kwa wenye malaria, oksijeni, na damu kwa waliopungukiwa.

Jambo jingine muhimu ni kukieleza kila kigeu kwa kipimo. "Maji mengi kwa haraka" ni maneno ambayo daktari wa Soroti na daktari wa Muheza wangeweza kuyaelewa kwa namna mbili. Kwa hiyo ilielezwa kuwa ni mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto. Kwa mtoto wa kilo 10, hiyo ni mililita 200 hadi 400, karibu na ujazo wa chupa moja ya soda. Bila kipimo kama hicho, hospitali sita zingekuwa zimefanya majaribio sita tofauti.

Kwa nini kundi la ulinganisho?

Tuseme hospitali imewawekea dripu ya haraka watoto 100, na 89 wamepona. Je, dripu imewaponya?

Hatuwezi kusema. Hatujui wangepona wangapi bila dripu hiyo. Pengine wangepona 80, na dripu imeokoa tisa. Pengine wangepona 93, na dripu imewaua wanne. Idadi ya 89 peke yake haitofautishi kati ya hali hizo mbili.

Hapo ndipo inapoonekana kazi ya kundi la ulinganisho. Kundi hili linatuonyesha, kwa ukaribu unaowezekana, yale ambayo yangetokea kama hatua inayochunguzwa isingechukuliwa. Daktari aliyezoea kuona wagonjwa wakipona baada ya tiba fulani ana ushahidi wa nusu tu. Nusu ya pili iko kwa wagonjwa ambao hawakuipata.

Si kundi lolote, hata hivyo, linalofaa kulinganishwa na jingine. Ulinganisho mbovu waweza kupotosha kuliko kutokuwa na ulinganisho kabisa.

Somo la chati za Busia

Magharibi mwa Kenya, katika wilaya za Busia na Teso, palifanyika katika miaka ya 1990 utafiti wa elimu unaolionyesha jambo hili waziwazi. Swali lilikuwa kama chati kubwa za kufundishia, zenye picha na michoro ya sayansi, afya, hisabati na jiografia, huwasaidia wanafunzi kufaulu.

Wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer, Sylvie Moulin na Eric Zitzewitz walilitafuta jibu kwa njia mbili. Kwanza walizitazama shule kama zilivyokuwa, wakalinganisha zile zilizokuwa na chati nyingi na zile zilizokuwa na chache. Shule zenye chati zilionekana kufanya vyema zaidi katika mitihani, kwa kiasi ambacho mtunga sera yeyote asingekipuuza.

Kisha wakachukua shule 178, na nusu yake zikateuliwa bila upendeleo kupewa chati. Safari hii, matokeo ya mitihani hayakuonyesha faida yoyote ya maana. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2004.

Imekuwaje njia mbili zitoe majibu mawili? Shule ambayo tayari ina chati haikuzipata kwa ajali. Huenda ina mwalimu mkuu mwenye bidii, au wazazi wanaochanga fedha, au iko karibu na barabara. Mambo hayo hayo ndiyo yanayowafanya wanafunzi wake wafaulu. Chati na ufaulu vyote vinaletwa na jambo la tatu, na anayetazama kwa juu huona kana kwamba chati ndiyo imeleta ufaulu.

Jambo la tatu la namna hiyo huitwa kigeu kivurugaji. Ni adui mkubwa wa kila anayetaka kujua sababu na matokeo, kwa kuwa mara nyingi hakionekani. Mtafiti aweza kupima mapato ya wazazi na umbali wa barabara. Bidii ya mwalimu mkuu ataipima kwa rula gani?

Hii ndiyo sababu watafiti husisitiza kwamba mambo mawili kwenda pamoja si uthibitisho kwamba moja limesababisha jingine.

Kura ndiyo mizani

Rudi sasa hospitalini. Lau madaktari wangeachiwa kuchagua mtoto gani awekewe dripu ya haraka, wengi wangewachagua waliozidiwa zaidi. Watoto hao wana hatari kubwa ya kufariki, dripu au bila dripu. Mwishoni dripu ingeonekana kuua hata kama haina kosa. Lau kwingine wangechagua wale wenye matumaini zaidi ya kupona, dripu ingeonekana kuokoa hata kama haina faida.

Dawa ya tatizo hili ni kumnyang'anya kila mtu uwezo wa kuchagua. Katika FEAST, kila mtoto aliyestahili kuingia katika utafiti alifunguliwa bahasha isiyopenya mwanga, iliyokuwa na namba ya mfululizo. Ndani yake mliandikwa kundi lake. Daktari hakuweza kuchungulia wala kuruka bahasha moja ili afikie nyingine.

Wengine huona kura kuwa ni uzembe: maisha ya mtu yaachiwe bahati? Lakini faida ya kura haiwezi kupatikana kwa njia nyingine. Watu wanapokuwa wengi, kura huwasambaza katika makundi kwa usawa: wenye malaria na wasio nayo, waliochelewa kufikishwa na waliowahi, wa familia maskini na wa familia zenye nafuu. Husawazisha hata mambo ambayo hakuna aliyeyafikiria. Ikiwa baadaye makundi yanatofautiana kwa matokeo kuliko inavyoweza kuelezwa na bahati, kinachobaki kuwa sababu ni kigeu huru.

Usawa huo ulithibitika. Takriban asilimia 57 ya watoto walikuwa na malaria, na kiwango hicho, pamoja na ukali wa ugonjwa, vilikaribiana katika makundi yote matatu.

Fikra hii ilipata nguvu kutoka mashambani. Mwanatakwimu wa Uingereza Ronald Fisher, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1935 umuhimu wa kugawa mbolea na mbegu kwa kura katika vipande vya shamba, kwa kuwa rutuba ya udongo haiko sawa kila mahali. Njia hiyo ilitumika pia katika utafiti mashuhuri wa tiba ya kifua kikuu nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 1948: kati ya wagonjwa 55 waliopewa streptomaisini, wanne walifariki katika miezi sita; kati ya 52 waliopumzishwa tu kitandani, walifariki 14.

Watoto wangapi?

Ukirusha sarafu mara 10 na ikaanguka upande mmoja mara saba, hutashangaa. Ukiirusha mara 1,000 na ikaanguka upande huo mara 700, utaichunguza hiyo sarafu. Uwiano ni uleule, ila uzito wa ushahidi si sawa.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuanza, watafiti hukadiria sampuli, yaani idadi ya watu wa kuchunguzwa. Kadiri tofauti inayotafutwa inavyokuwa ndogo, ndivyo idadi inavyopaswa kuwa kubwa. Utafiti wa watu 40 waweza kabisa kukosa kuona madhara yanayompata mtu mmoja katika 30.

FEAST ulipangiwa watoto 3,600 katika sehemu yake kuu. Haukufika huko. Mwezi Januari 2011, baada ya watoto 3,141 kuandikishwa, ulisimamishwa.

Matokeo

Kati ya watoto 1,050 waliopewa haraka maji ya albumini, 111 walifariki ndani ya saa 48. Hiyo ni asilimia 10.6.

Kati ya 1,047 waliopewa haraka maji ya chumvi, walifariki 110, sawa na asilimia 10.5.

Kati ya 1,044 ambao hawakupewa maji ya haraka, walifariki 76, sawa na asilimia 7.3.

Tiba iliyotarajiwa kuokoa ilikuwa imeongeza vifo. Kwa kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, walikufa takriban watatu zaidi ya ambavyo wangekufa bila maji hayo.

Tofauti hiyo yaweza kuelezwa kwa namna mbili, na msomaji anapaswa kuzijua zote. Namna ya kwanza ni ile ya vifo vitatu zaidi katika kila 100. Namna ya pili ni kusema kwamba hatari ya kufa iliongezeka kwa asilimia 45, kwa kuwa 10.5 ni kubwa kuliko 7.3 kwa kiasi hicho. Zote mbili ni sahihi. Lakini anayetaka kutisha au kuuza kitu hupenda kutaja ya pili peke yake. Ukisikia kwamba hatari imeongezeka maradufu, uliza: kutoka ngapi hadi ngapi?

Je, haiwezekani kuwa ni bahati tu? Wanatakwimu walikokotoa kwamba, kama maji ya haraka yasingekuwa na athari yoyote, tofauti kubwa kiasi hicho ingejitokeza kwa bahati takriban mara tatu tu katika kila majaribio 1,000. Walitoa pia mipaka ya makadirio yao: ongezeko la hatari huenda likawa dogo kama asilimia 13 au kubwa kama asilimia 86. Mipaka hiyo ni sehemu ya ukweli wa utafiti. Namba moja isiyo na mipaka hujifanya ina uhakika kuliko ilivyo.

Macho yanavyodanganya

Katika utafiti huo mna jambo jingine la kuzingatiwa. Saa moja baada ya kuanza tiba, dalili za mshtuko zilikuwa zimetoweka kwa watoto wengi zaidi katika makundi ya maji ya haraka kuliko katika kundi la ulinganisho.

Kwa maneno mengine, daktari au muuguzi aliyesimama kando ya kitanda angeona tiba inafanya kazi: mikono inapata joto, mapigo yanatulia. Angekwenda nyumbani akiwa na yakini. Vifo vya ziada vilikuja baadaye, vikiwa vimetawanyika katika wodi na katika siku, na hakuna jicho la mtu mmoja ambalo lingeweza kuvihesabu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vilitokana zaidi na kushindwa kwa moyo na mzunguko wa damu, si kujaa kwa maji katika mapafu au ubongo kama ilivyokuwa ikihofiwa.

Ndiyo maana uchaguzi wa kigeu tegemezi ni uamuzi mzito. Lau watafiti wangechagua kupima joto la mikono baada ya saa moja, wangeisifu tiba hiyo, na namba zao zingekuwa sahihi kabisa.

Tatizo jingine ni matumaini ya mpimaji mwenyewe. Anayetarajia mgonjwa apone huona nafuu mapema. Kwa hiyo, panapowezekana, wagonjwa na wapimaji hufichwa nani amepewa nini. Wengine hupewa vidonge vinavyofanana na dawa ilhali havina dawa. Katika FEAST haikuwezekana kumficha muuguzi kama dripu inakwenda haraka au la. Kinga ilikuwa mbili: kigeu tegemezi kilikuwa kifo, jambo lisilotegemea maoni ya mtu, na kamati iliyopitia kumbukumbu za vifo haikuambiwa mtoto alikuwa kundi gani.

Haki ya anayechunguzwa

Yeyote anayesoma namba hizi atajiuliza kuhusu wazazi. Je, ni haki kumwingiza mtoto mahututi katika kura?

Kanuni ya maadili ya utafiti ni kwamba jaribio la kura huruhusiwa pale tu ambapo wataalamu kwa kweli hawajui lipi lililo bora. Hapa palikuwa na imani, lakini ushahidi wa kupimwa haukuwapo. Kwa kuwa dharura haingoji, wazazi waliombwa kwanza kukubali kwa mdomo, kisha wakaelezwa kwa kina na kuombwa ridhaa ya maandishi hali ilipotulia.

Pia kulikuwa na kamati huru ya usalama, ambayo ilipitia takwimu jaribio likiendelea. Watafiti wenyewe hawakuruhusiwa kuziona, wasije wakashawishika. Ni kamati hiyo iliyopendekeza kusimamisha utafiti ilipoona upande mmoja unapoteza watoto wengi zaidi.

Ni vyema kukumbuka pia upande wa pili. Bila jaribio hilo, maji ya haraka yangeendelea kutolewa katika hospitali nyingi kwa nia njema, bila ya yeyote kuhesabu.

Mipaka ya jibu

Jibu la utafiti huhusu watu waliochunguzwa na hali walizokuwa nazo. FEAST haukuwahusisha watoto wenye kuharisha na kutapika kulikowakausha maji, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua au kujeruhiwa. Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha anahitaji kurudishiwa maji, na hakuna lolote katika utafiti huu linalopinga hilo. Anayesema "utafiti umeonyesha dripu ni hatari" ameusoma nusu, na kosa hilo laweza kugharimu maisha.

Vilevile, hospitali zilizohusika hazikuwa na vyumba vya wagonjwa mahututi vyenye mashine za kupumulia kama zilivyo hospitali kubwa za Ulaya. Kwa miaka kadhaa wataalamu walibishana kuhusu matokeo hayo yanahusu wagonjwa wa wapi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa huduma ya dharura kwa watoto, wenye tahadhari kubwa zaidi juu ya maji ya haraka.

Wakati mwingine tatizo ni nani wa kupigiwa kura. Mwaka 1998 ulianza Busia utafiti wa Edward Miguel na Michael Kremer kuhusu dawa za minyoo katika shule 75 za msingi. Mtoto anayetibiwa minyoo huacha kuwaambukiza wenzake, kwa hiyo kuwalinganisha watoto wa shule moja kungepunguza tofauti: hata asiyekunywa dawa amefaidika. Watafiti wakagawa shule nzima nzima katika makundi matatu, yakaanza kupewa dawa miaka tofauti. Waliripoti kwamba utoro ulipungua kwa robo.

Kazi hiyo ilisifiwa mno, na mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa washindi watatu wa tuzo ya Nobel ya uchumi. Hata hivyo, ilikosolewa pia. Shule hazikugawanywa kwa kura halisi, bali ziliorodheshwa kwa alfabeti na kila ya tatu ikaingia kundi moja. Mwaka 2015 wataalamu wengine walizikokotoa upya takwimu zake, wakakuta makosa katika baadhi ya hesabu, hasa zile za faida kwa shule za mbali, na mjadala mkali ukazuka. Kukaguliwa namna hiyo ni sehemu ya kazi ya sayansi, na iliwezekana kwa sababu watafiti walikubali kuziweka takwimu zao mikononi mwa wengine.

Maswali ya kuuliza

Msomaji ambaye si mtaalamu hawezi kuhakiki kila utafiti. Anaweza, hata hivyo, kuuliza maswali haya anaposikia kwamba "utafiti umeonyesha":

- Ni kitu gani kilichobadilishwa, na ni kitu gani kilichopimwa? Je, vilielezwa kwa kipimo kilicho wazi?

- Walilinganishwa na nani?

- Nani aliamua nani aingie kundi lipi? Kama ni watu wenyewe walijichagulia, ni jambo gani jingine linalowatofautisha?

- Walikuwa wangapi, na mipaka ya makadirio ni ipi?

- Kilichopimwa ndicho chenye maana kwa maisha ya mtu, au ni dalili ya saa moja tu?

- Waliochunguzwa wanafanana na mimi, au na mtoto wangu?

- Je, wengine wamerudia kazi hiyo au kuikagua?

Maswali hayo yanafaa pia kwa dawa za mitishamba zinazotangazwa sokoni, kwa miradi ya wafadhili, na kwa ahadi za serikali kuhusu shule na mashamba. Mara nyingi swali la pili peke yake, walilinganishwa na nani, linatosha kuonyesha kwamba anayetoa dai hajapima kitu.